Mjadala: Farasi wanne wa shaba wa Hipodromo warudi Istanbul au wabaki Venice?

Wakuu, kesi ninayoileta ina umri wa zaidi ya miaka 800, na sijaona aliyeifunga.

Mbele ya Msikiti wa Sultan Ahmed, Istanbul, kuna uwanja mrefu ambao watalii huukatiza wakiwahi msikitini. Hapo ndipo palikuwa Hipodromo, uwanja wa mbio za farasi wa Konstantinopoli, jina la kale la Istanbul. Kaisari Septimius Severus aliuanzisha mwanzoni mwa karne ya 3, kisha Konstantino akaupanua alipokuwa akijenga mji wake mpya uliozinduliwa mwaka 330. Magari yaliyokokotwa na farasi wanne wanne yaliuzunguka mara saba, na mji mzima ulikuwa ama shabiki wa timu ya Bluu ama ya Kijani. Januari 532 mahasimu hao waliungana dhidi ya Kaisari Justinian, wakauchoma mji. Majeshi yakawafungia humo humo uwanjani na kuwachinja. Procopius, aliyeishi zama hizo, anataja zaidi ya watu 30,000. Kwa hiyo tusiuzungumzie kama kiwanja cha burudani tu.

Hapo palikuwa na sanamu za farasi wanne wa shaba waliopakwa dhahabu. Mwaka 1204 askari wa Vita vya Nne vya Msalaba, walioaga kwao kwamba wanakwenda kupigana na Waislamu, waliishia kuupora mji wa Wakristo wenzao. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Enrico Dandolo, mtawala wa Venice, mzee asiyeona. Farasi wakasafirishwa, wakaja kusimamishwa juu ya mlango wa kanisa la Mtakatifu Marko. Inasimuliwa kwamba vichwa vilikatwa ili waenee melini, na kola zilizo shingoni ziliwekwa kuficha maungio.

Mwaka 1797 Napoleon naye akawachukua, akawapeleka Paris. Alipoanguka, mwaka 1815, walirudishwa Venice kwa hoja kwamba mali iliyoporwa vitani irudi ilikotoka. Nauliza: hoja hiyo inafaa kwa miaka 18 ya Paris, lakini haifai kwa Konstantinopoli? Mimi nasema warudi. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, umeruka sehemu inayokuumiza. Katikati ya uwanja huo huo kuna nguzo ya jiwe ya Farao Thutmose wa Tatu, iliyotolewa Karnak, Misri. Kaisari Theodosius aliisimamisha hapo mwaka 390 na kujisifu kwenye kitako chake: maandishi ya Kilatini yanasema kazi ilichukua siku 30, ya Kigiriki yanasema 32. (Walishindwa kukubaliana hata kwenye jiwe moja!) Hatua chache kutoka hapo iko Nguzo ya Nyoka, ambayo Wagiriki waliitoa sadaka kwenye hekalu la Delphi, Ugiriki, baada ya kuwashinda Waajemi mwaka 479 kabla ya Kristo. Konstantino akaihamishia kwake. Hipodromo ilikuwa ghala la vitu vya watu. Istanbul ikidai farasi, Misri na Ugiriki zitasimama nyuma yake kwenye foleni. Hata farasi wenyewe, kuna masimulizi ya kale kwamba waliletwa kutoka kisiwa cha Chios.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono wabaki. Angalia hatima ya sanamu zilizobaki pale: ziliyeyushwa, hazipo. Farasi wako hai kwa sababu waliibwa. Na hiyo Nguzo ya Nyoka iliyobaki imefanywaje? Sultani Mehmed wa Waturuki alipouteka mji mwaka 1453 alivunja taya la nyoka mmoja kwa rungu.

Mleta mada:
Ndugu yangu, nani aliyeyeyusha? Niketas Choniates, mwanahistoria wa Konstantinopoli aliyeshuhudia uporaji, ameacha orodha ya sanamu zilizotiwa motoni na hao hao waliobeba farasi, pamoja na Herakles mkubwa aliyetengenezwa na Lysippos, mchongaji wa Kigiriki. Wakageuza shaba kuwa sarafu. Mtu achome nyumba, aokoe kiti kimoja na kukipeleka kwake, halafu tumshukuru kwa kuhifadhi kiti?

Hadithi ya rungu ni tamu, lakini picha za Kiosmani (Waturuki waliotawala mji baada ya 1453) za karne ya 16 zinaonyesha nyoka wakiwa bado na vichwa vitatu. Vilianguka karibu na mwaka 1700, na kipande cha kimoja kipo katika makumbusho ya Istanbul. Wenyeji hata waliamini nguzo hiyo inaukinga mji na nyoka. Watu wanaoamini hivyo hawana haraka ya kuivunja.

Kuhusu foleni ya Misri na Ugiriki: iwepo! Sioni kwa nini dai halali lizimwe kwa sababu kuna dai jingine halali nyuma yake.

Mchangiaji wa tatu:
Mnasema "warudi" kana kwamba kuna mtu mlangoni anawasubiri. Dola iliyoporwa, ya Bizanti, ilikufa 1453. Waosmani walipaita mahali hapo Uwanja wa Farasi, wakafanyia humo sherehe zao; ile ya mwaka 1582, ya kumtahiri mwana wa Sultani Murad wa Tatu, ilivuka siku 50. Hawakuwahi kuwa na farasi hao hata siku moja. Na mwaka 1815, mkuu, waliorudisha farasi Venice walikuwa Waaustria, ambao wakati huo ndio walikuwa wakiitawala. Usiifanye siasa ya washindi kuwa kanuni ya haki.

Mleta mada:
Hoja ya Waaustria naikubali nusu. Mfalme wao alikuwa na maslahi yake, ndiyo, lakini Venice ilipokea na haijawahi kukana msingi wa kurudishiwa. Na mwenye dai kwangu ni mji, uliopo mpaka leo na uwanja wake, si dola.

Halafu hili hakuna aliyeligusa: farasi wanaoonekana juu ya mlango wa Mtakatifu Marko leo ni nakala. Wa asili wamewekwa ndani, katika makumbusho ya kanisa, kwa sababu hewa chafu ilikuwa inawala. Anayetaka wabaki aniambie sura ya Venice itapoteza nini wa asili wakiondoka.