Ulinganisho: video zipi za Krismasi na za kuchangisha tufuate? Tunapiga yetu Mwanza

Mwanakwaya wa Nyegezi

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa wote humu.

Kwaya yetu ya vijana inarekodi wimbo wa Krismasi mwaka huu, na fedha zitakazopatikana zitanunua majaketi okozi ya wanafunzi wanaovuka ziwa kwa mitumbwi kwenda shule. Wimbo upo tayari, studio ya sauti imepatikana. Kinachotugawa ni video. Wapo wanaotaka tuwapige watoto picha wakiwa kwenye mtumbwi unaoingiza maji, wanasema bila hivyo mtu hatoi hela. Wengine wanataka bustani ya hoteli na sare mpya. Mimi nimeziangalia upya zile video kubwa zinazojulikana duniani, naziweka hapa mzijadili.

Ya kwanza ni Do They Know It's Christmas? ya Band Aid, kundi la wanamuziki waliokusanyika kuchangia wenye njaa Ethiopia. Waliitunga Bob Geldof na Midge Ure, wakairekodi London tarehe 25 Novemba 1984. Video yake karibu yote ni studio: wanamuziki wanaingia na makoti yao, wengine sura bado za usingizi, wanasimama kwa makundi mbele ya maikrofoni. Paul Young anaanza, wanafuata wenzake, Phil Collins yuko kwenye ngoma. Hakuna jukwaa wala wachezaji. Nimeipenda kwa sababu unaona watu wako kazini.

Ya pili ndiyo niliyoipa nafasi ya juu, We Are the World, ya wanamuziki wa Marekani kwa njaa hiyohiyo. Michael Jackson na Lionel Richie waliitunga, Quincy Jones akaisimamia, na ikarekodiwa usiku wa tarehe 28 Januari 1985 pale A&M Studios, Los Angeles, watu wakitokea moja kwa moja kwenye tuzo za American Music Awards. Quincy alibandika karatasi mlangoni inayowaambia waache majivuno yao nje. Ukiitazama video unaona karatasi hiyo ilifanya kazi. Mtu mwenye jina kubwa anaimba mstari mmoja tu, kisha anasogea mwenzake aendelee. Kamera inakaa usoni, unaona mtu anavyoubana mdomo kabla sauti haijatoka, unaona mikono imeshika vipokea sauti. Bob Dylan anaonekana hana raha kabisa, halafu anapofika kwenye kipande chake anakiimba kwa namna ambayo hakuna mwingine pale angeweza. Wimbo uliuza zaidi ya nakala milioni 20.

Ya tatu ni Last Christmas ya Wham!, iliyopigwa Saas-Fee, Uswisi: theluji, marafiki mlimani, na bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, ambayo George Michael alimpa msichana, sasa iko kifuani kwa mwenzake wa kundi, Andrew Ridgeley. Hadithi inaeleweka hata ukizima sauti. Ila ni mapenzi, sisi tunachangisha.

Ya nne ni Mary's Boy Child ya Boney M., 1978. Wamevaa meupe yenye manyoya, wanaimba na kutabasamu, basi. Wimbo nauthamini sana, video haina cha kunifundisha.

Naomba maoni.

Fundi Kamera

Mkuu, nakubaliana nawe kwa We Are the World, ila kuna jambo kwenye ile video ulitazame kwa jicho la fundi. Kipande cha Michael Jackson hakikupigwa pamoja na wenzake. Kamera inaanzia kwenye viatu na soksi zake zinazometameta, inapanda taratibu mpaka usoni, na nyuma yake hakuna mtu. Wengine wote wamepigwa wakiwa bega kwa bega. Picha ile ni nzuri ukiitazama peke yake, lakini kila nikifika hapo naona umoja unakatika. Kwenye kwaya yenu msimtenge mwimbaji kiongozi hivyo.

Na usiidharau Last Christmas. Wimbo ule ulizuiwa na Band Aid usishike namba moja Uingereza mwaka 1984, na George Michael mwenyewe alikuwa anaimba kwenye Band Aid! Mapato ya Last Christmas nayo yakapelekwa kwa wenye njaa Ethiopia. Kwa hiyo wimbo wa mapenzi ulichangisha, tena video yake haikuonyesha mtu hata mmoja mwenye njaa.

Halafu umeisahau All I Want for Christmas Is You ya Mariah Carey, ya 1994. Video ile imefanywa ionekane kama ya nyumbani: yuko kwenye theluji, anapamba mti, anacheza na mbwa. Aliyevaa kama Baba Krismasi ni Tommy Mottola, mume wake wa wakati huo. Miaka 25 baadaye, Desemba 2019, ulifika namba moja Marekani, na mwezi huohuo ikatolewa video mpya yenye mapambo na wachezaji tele. Mimi bado naitazama ile ya kwanza. Kama hamna fedha ya kukodi droni na taa, msiumie. Furaha ikiwa ya kweli kamera ndogo inaichukua.

Mwalimu wa Buzuruga

Kijana, kazi nzuri. Ila Band Aid umeipitia juu juu, na maneno ya wimbo ni sehemu ya video. Mle ndani wanaimba kwamba Afrika hakuna kinachoota, mvua hainyeshi, mito haitiririki. Wanaimba hivyo kuhusu Ethiopia, nchi ambayo Abay, mto tunaouita Nile ya Bluu, unatoka Ziwa Tana na kuipa Nile sehemu kubwa ya maji yake! Nasi huku kwetu Nile nyingine inatoka kwenye ziwa hili tunalokunywa. Na wanauliza kama watu wale wanajua ni Krismasi, wakati Ethiopia ni nchi ya Kikristo tangu karne ya 4 na Krismasi yao, Genna, huangukia tarehe 7 Januari.

Sisemi walikuwa na nia mbaya. Njaa ya 1984 ilikuwa ya kweli na watu walikufa kwa wingi. Lakini walioimba hawakumuuliza mwenye shida hata neno moja.

Jambo lingine ambalo vijana wengi hamlijui: picha za njaa hiyo zilizomgusa Geldof zilichukuliwa na mtu wa huku kwetu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyeshika kamera Korem, Ethiopia, katika ile taarifa ya Michael Buerk iliyorushwa na BBC Oktoba 1984. Kampuni yake ya Camerapix aliianzishia Dar es Salaam mwaka 1963. Kwa hiyo macho yaliyoiona njaa ile na kuipeleka duniani yalikuwa ya Afrika Mashariki. Zitazameni picha zile. Anawapiga watu usoni, wanakutazama wewe. Ni watu kamili, wenye jina na nyumba.

Dada wa Igoma

Mwalimu umenena. Mimi naomba niongeze Band Aid 30 ya 2014, wimbo uleule uliorekodiwa upya kuchangia vita dhidi ya Ebola, kwa sababu ndiyo jibu kwa hao wanaotaka mtumbwi unaoingiza maji.

Video inaanza na mwanamke aliyezidiwa, nguo hazijamsitiri, anabebwa kutoka nyumbani kwake na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Kisha inakata, tunawaona mastaa wanashuka kwenye magari, kamera za waandishi zinamulika. Niliifunga pale pale. Yule mama ana ndugu. Nani alimwomba ruhusa? Watoto wake wakikua watamkuta mama yao pale kila Desemba. Walibadilisha baadhi ya maneno, hata ule mstari wa Bono wa kushukuru kwamba yamewapata wao badala yako waliuondoa, na Angélique Kidjo aliimba. Hayo nayakubali. Lakini picha ile ya mwanzo imeharibu kila kitu. Fuse ODG, mwanamuziki mwenye asili ya Ghana, alialikwa akakataa kwa sababu ya namna Afrika inavyoonyeshwa, nami naona alikataa kwa haki.

Mwaka huohuo ulitoka Africa Stop Ebola. Salif Keita, Oumou Sangaré, Tiken Jah Fakoly, Amadou na Mariam, Mory Kanté. Waliimba Kifaransa na lugha za watu wa kule kule kwenye ugonjwa, na maneno yalikuwa na faida: waamini waganga wa hospitali, usimguse mgonjwa, usiguse maiti, nawa mikono. Mapato yakaenda kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Kwangu mimi hii inazishinda zote ulizoorodhesha, kaka, hata kama huko nje haikupata watazamaji wengi. Inaongea na mwenye shida. Zile nyingine zinaongea na mwenye pochi tu, mwenye shida yuko nyuma kama pambo.

Mwanakwaya wa Nyegezi

Dada, umenipa kazi ya kufikiri. Lakini wenzangu watauliza: tusipoonyesha hatari, mtu atajuaje jaketi lina umuhimu?

Mama wa Pasiansi

Mwanangu, hilo nitakujibu mimi.

Hiyo video yako nani ataitazama? Watu wa London waliotazama Band Aid walikuwa mbali, hawakuwa na mtu wao kule Korem. Video yako itatazamwa Kirumba, Igogo, Sengerema, Ukerewe. Mei 21, 1996 ilipozama MV Bukoba nilikuwa mtu mzima. Septemba 2018 tena, MV Nyerere pale Ukara. Hapa Mwanza ukigonga milango utakuta nyumba iliyozika, na nyingine ambayo haikupata hata mwili wa kuzika. Ukiniwekea mtoto analia ndani ya mtumbwi wenye maji, tena Krismasi, mimi naizima simu. Na sitatuma hata shilingi, kwa sababu sitafika kwenye namba ya kuchangia.

Sisi hatuhitaji kufundishwa kwamba ziwa linaua. Tuonyeshe jaketi. Tuonyeshe mtoto anavyolivaa, anavyofunga kamba zake, anavyoshuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na madaftari yake makavu. Hapo nitatoa, tena nitamwambia na jirani.

Mwanakwaya wa Nyegezi

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Hili nalipeleka kwenye kikao kama ulivyoliandika.

Fundi Kamera

Mama amemaliza kazi. Basi kiufundi naona hivi: nusu ya video iwe studio kwa mtindo wa We Are the World, nyuso tu, taa moja laini ya pembeni, kila mwimbaji na mstari wake. Mwenye bangili na mikufu avue. Cyndi Lauper alisumbua maikrofoni usiku ule kwa mikufu yake mpaka ikabidi aitoe. Nusu nyingine nje. Nawaomba msiende kwenye mawe ya Capri Point, kwaya nyingi mno za mji huu zimeshasimama pale. Nendeni mwaloni alfajiri, mashua zikirudi, dagaa wanaanikwa. Mkichelewa upepo wa ziwani unaanza na jua linakuwa kali, nyuso zote zinakunjamana. Ongeeni na uongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, mapema, na kila mtoto atakayeonekana mzazi wake atie saini.

Mwalimu wa Buzuruga

Kuhusu fedha, wekeni wazi tangu mwanzo. Band Aid walikuta serikali yao inakata kodi kwenye kila santuri iliyouzwa, ikawa kelele kubwa mpaka waziri mkuu wao, Thatcher, akakubali kutoa kiasi kinacholingana nayo. Kwenu kutakuwa na makato ya miamala ya simu. Andikeni chini ya video bei ya jaketi moja na namba ya kuchangia, kisha kila wiki mseme yamenunuliwa mangapi.

Kijana wa Nansio

Mimi nimevuka hivyo kwenda shule, ndiyo maana nimesoma uzi huu wote.

Kuna kisa cha We Are the World hamjakigusa. Usiku ule Stevie Wonder alitaka mstari wa Kiswahili uingizwe, wakabishana kwa muda, Waylon Jennings akaondoka zake. Mwishowe ukaachwa kwa sababu watu wa Ethiopia hawazungumzi Kiswahili. Nia yake ilikuwa njema, ila hakuna Mwethiopia aliyeombwa aandike mstari. Stevie alileta wanawake wawili wa Kiethiopia waje kuwashukuru waimbaji, na watu wakalia pale studio. Naona kama wanawake wale wangepewa maikrofoni, ule ndio ungekuwa wimbo mkubwa zaidi.

Kaka wa Nyegezi, wimbo wenu wote ni Kiswahili?

Mwanakwaya wa Nyegezi

Wote, beti nne na kiitikio. Ubeti wa tatu bado tunaurekebisha.

Kijana wa Nansio

Basi ubeti wa tatu waachie wanafunzi wenyewe, kwa Kikerewe. Waimbe wanavyoamka gizani, wanavyomwita mwenye mtumbwi, wanavyojua rangi ya maji ikibadilika warudi. Wanayajua hayo kuliko mimi na wewe. Naweza kukaa nao na mwalimu wao wa muziki, wazee wakayapitia maneno.

Dada wa Igoma

Hiyo ndiyo video nitakayoitazama mpaka mwisho.

Mwanakwaya wa Nyegezi

Mkuu, nakutumia mdundo leo usiku kwenye ujumbe binafsi. Ubeti una mistari sita, kila mstari mapigo manane, lakini wakihitaji nafasi zaidi niambie, tutaurefusha. Kikao ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Mama wa Pasiansi, kama unaweza kufika, karibu sana uwaeleze wenzangu kwa mdomo wako.

Mama wa Pasiansi

Marahaba. Nitakuja.