Soya zangu Mkuranga zinageuka njano, nimwage urea? Naombeni ushauri

Kiberenge Tupu: Wakuu salaam. Naishi Mbagala, shamba liko Mkuranga, ekari mbili za soya. Nilipanda masika yalipochanganya, leo wiki ya sita. Majani ya chini yanageuka njano, miche imedumaa. Kunde za jirani, hatua tano tu kutoka kwangu, kijani mpaka zinanitia hasira, na hajaziwekea kitu. Mimi mbegu nilizipaka bakteria wa pakiti kabisa! Keshokutwa naenda kumwaga urea. Nipeni mawazo.

Mama Kisamvu: Soya Mkuranga? Wenzio huko muhogo na nanasi, wewe umewaiga watu wa Songea. Mimi nililima matikiti Kigamboni, yakavunwa usiku na nisiowajua. Mpaka leo nikiona tikiti harusini nageuza uso.

Kota za Zamani: Kilimo cha simu hicho. Unapalilia kwa WhatsApp.

Bwana Udongo: Mkuu, kunde haichagui sana, inapokea raizobia, yaani bakteria wa mizizi kama wa pakiti yako, waliomo tayari kwenye udongo wetu. Soya ni mgeni kutoka China, wa kwake mara nyingi hawamo mpaka uwapeleke. Wakifika hai wanaingia kwenye mzizi, mmea unawajengea vinundu na kuwalisha sukari, wao wanachukua naitrojeni ya hewani wanaigeuza chakula chake. Chimba mche kwa jembe, usiuvute, vinundu vitabaki chini. Pasua kimoja. Ukikuta wekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, hakuna kitu. Pakiti uliiweka wapi kabla ya kupanda?

Kiberenge Tupu: Ilikuwa salama, imefungwa vizuri.

Bwana Udongo: Wapi?

Kiberenge Tupu: Stoo ya shemeji yangu, Rangi Tatu. Ya bati. Wiki tatu hivi, ila haikupasuka. Halafu nisiwafiche, mbegu zilikuwa zile nyekundu zenye dawa ya fangasi. Muuzaji alisema haina shida. Na urea nimeshalipia mifuko miwili kwa hela ya kikoba ya wife, kwa hiyo msiniambie nisimwage.

Mtumishi wa Tandika: Hela ya kikoba! Soya lazima zipauke. Katubu kwanza kwa mkeo, mbolea baadaye.

Bwana Udongo: Wiki tatu chini ya bati, joto la Dar! Hao ni viumbe hai, si chumvi. Umewaoka, waliopona ukawalaza kwenye sumu. Urea haiwafufui. Ukiimwaga nyingi, mmea hata wenye vinundu unaacha kuvihangaikia, maana chakula umeshauletea mezani. Ila kama vinundu hakuna kabisa, weka kidogo uokoe zao. Chimba kwanza. Na mbolea ya fosforasi uliweka wakati wa kupanda? Vinundu bila fosforasi ya kutosha havijengeki vizuri.

Kiberenge Tupu: Fosforasi sikuweka. Muuzaji alisema bakteria wanatosha.

Jongoo wa Buza: Chai hii, na sukari imezidi. Mwezi wa pili ulifungua uzi humuhumu unatafuta chumba Buza, huna hata mtaji wa genge. Leo una ekari mbili? Huyo Bwana Udongo ni wewe mwenyewe kwa akaunti ya pili. Subirini, sasa hivi itawekwa namba ya kuagizia pakiti.

Bwana Udongo: Mimi siuzi chochote. Mods wakague.

Kiberenge Tupu: Chumba kilikuwa cha mdogo wangu. Na shamba sikusema ni langu, ni la baba mkwe.

Mama Kisamvu: Ngoja nihesabu. Hela ya mke, shamba la baba yake, na huyo shemeji mwenye stoo?

Kiberenge Tupu: Kaka yake.

Mama Kisamvu: Chako humo ni kipi baba?

Kiberenge Tupu: Bakteria nilinunua mwenyewe.

Kota za Zamani: Marehemu hao 😂😂

Kiberenge Tupu: Niko shambani tangu saa moja. Nimechimba miche minane. Sita mizizi mitupu. Miwili ina vinundu vitatu vitatu, nimepasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu. Urea bado iko kwenye boda. Baba mkwe kasimama nyuma yangu anauliza nimezika nini hapa.