Mjadala: Mwalimu wa fizikia wa sekondari, kwantamu ya nini?

MLETA MADA (Moshi Vijijini)

Wakuu, najua hoja hii itanipatia maneno kutoka kwa niliosoma nao, lakini naileta.

Shahada ya ualimu wa sayansi, upande wa fizikia, inampeleka mtu mbali mno. Mwaka wa kwanza unapiga mekanika, joto, mwanga na umeme. Wa pili unakutana na milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku, na mekanika ya juu, ile ya akina Lagrange. Wa tatu ni kwantamu (fizikia ya vitu vidogo kama atomu na elektroni), nyuklia na fizikia ya yabisi. Kisha mkeka wa ajira unatoka, unapangiwa sekondari ya kata, unaingia kidato cha pili kufundisha kanuni ya Archimedes kwa ndoo na jiwe.

Pendekezo langu: anayesomea ualimu nadharia yake iishie mwaka wa kwanza na nusu. Muda wote unaobaki apelekwe maabara, apime mpaka achoke.

Niwape kisa. Mwaka wa kwanza tulipewa pendulamu, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi, tutafute g, ile kasi ya kitu kuongeza mwendo kinapoanguka, kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Kikundi chetu kilipata 9.6 na ushee. Kaka mmoja aliyetutangulia akatuambia, "Andikeni 9.81, kila mtu anaandika hivyo." Tukapika vipimo kwa kurudi nyuma, kuanzia jibu hadi sekunde, tukapata alama nzuri. Miaka miwili baadaye niliweza kutatua mlinganyo wa Schrödinger, ule mkuu wa kwantamu, wa atomu ya hidrojeni ubaoni bila kufungua daftari, lakini g yangu mwenyewe sikuwahi kuipata.

Mwezi uliopita nikaamua kurudia na watoto wa kidato cha tano. Uzi wa kuvulia samaki, kipande cha chuma, urefu wa mita moja, mabembeo 100, mara tatu. Tukapata 9.74. Wakaniuliza kwa nini si 9.81 ya kitabuni. Nikasema rula yetu mbovu. Sikuwa na jibu jingine.

WA NJIRO

Mkuu, kidonda ni cha kweli, ila dawa umekosea.

Kidato cha nne kuna mada ya unururifu, yaani atomu kutoa mionzi. Kidato cha sita kuna athari ya fotoelektriki (mwanga kung'oa elektroni kwenye chuma) na atomu ya Bohr. Mwalimu asiyeijua kwantamu atasoma notisi kwa sauti, basi. Mtoto akiuliza kwa nini elektroni haiporomoki ndani ya kiini, atajibiwa "hiyo haipo kwenye mtihani." Hapa kwetu Njiro kuna maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki, watu wanapima mionzi kwenye chakula na kukagua mashine za eksirei. Hao vijana wanatoka kwa nani kama si kwa mwalimu wa sekondari aliyewatia hamu?

Na ninyi wa Moshi ndio msingeacha. Kuna chembe zinaitwa muoni, zinazaliwa angani kama kilomita 15 juu yetu. Zinaishi kwa wastani wa sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Hata zikikimbia kwa kasi ya mwanga, kwa hesabu ya kawaida zingekwenda mita 660 hivi na kufa. Lakini zinatufikia huku chini, kwa sababu saa yao inakwenda polepole tukiitazama sisi, kama Einstein alivyosema. Rossi na Hall walipima jambo hili huko Marekani, kwenye milima ya Colorado, wakachapisha mwaka 1941. Ninyi mna Kibo, mita 5,895, mngeweza kupima hayo hapo, lakini mnaitumia kupiga picha.

WA MWAKA WA PILI

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye niko jikoni sasa hivi, naomba niseme tatizo ambalo halitajwi. Si kwamba kozi ni za juu, ni kwamba hesabu inachelewa. Muhula huu nasoma sumakuumeme inayotaka kalkulasi ya vekta, na hiyo kalkulasi yenyewe naisoma muhula huuhuu, wiki ya tisa. Kwenye sumakuumeme iliombwa wiki ya pili! Unafanyaje? Unakariri. Unatafuta pepa za miaka ya nyuma, unapiga msuli usiku, unaombea maswali yajirudie. Darasani kwetu wengi wana sapu (mitihani ya marudio), wawili wameshadisko (wameondolewa kwa kufeli). Wakipunguza kwantamu bila kupanga hesabu, wanafunzi watakariri hata Archimedes.

MZAZI, MBAUDA

Mimi sijui hiyo kwantamu. Mwanangu amemaliza fizikia na ualimu, bodi ya mikopo inamdai, anaendesha bodaboda hapa Mbauda. Nyie mnagombea afundishwe nini, mimi nauliza ataajiriwa lini.

FUNDI WA NGARENARO

Mama, pole. Ila niseme la kwangu. Nimepita Chuo cha Ufundi Arusha, sikusoma shahada. Aliwahi kuja ofisini kwangu kijana wa digrii ya fizikia kutafuta pa kujishikiza. Nikampa multimita apime umeme unaopita kwenye taa. Akaichomeka sambamba na betri ikiwa kwenye ampea, badala ya kuipanga mfululizo na taa, fyuzi ikaungua. Nikamuuliza sheria ya Kirchhoff ya mikondo ya umeme, akaimwaga yote kama sala. Mleta mada nakuunga mkono mia kwa mia.

WA NJIRO

Fundi, na wewe hukuunguza hata moja ulipoanza?

FUNDI WA NGARENARO

Niliunguza nyingi, mangi. Ila nilikuwa na miaka kumi na sita, siyo na joho.

MWALIMU MSTAAFU, MOSHI MJINI

Wanangu, nimewasoma wote. Naomba turudi kwenye ile 9.74 maana mmeiruka, na jibu la mjadala wenu limo humo.

Kwanza, 9.81 si yetu. Ni namba ya Ulaya. Dunia imetuna kiunoni na inazunguka, kwa hiyo kwenye ikweta usawa wa bahari g ni 9.780. Sisi tuko nyuzi (digrii) tatu na kidogo kusini, na tumepanda juu. Moshi na Arusha, jibu la kweli ni kama 9.78. Waliopika 9.81 walipika jibu la nchi nyingine.

Pili, makosa ya kipimo. Mita moja ya uzi inabembea kwenda na kurudi kwa sekunde 2. Ukihesabu mabembeo 20 ni sekunde 40. Kidole chako kwenye saa kinakosea kama sehemu 0.2 ya sekunde, hiyo ni nusu asilimia, na kwa kuwa muda unazidishwa kwa wenyewe, kosa kwenye g linakuwa asilimia moja, yaani 0.1. Huwezi kutofautisha 9.78 na 9.81 hapo, ukijidai unaweza unadanganya. Kwa mabembeo 100 kosa linashuka hadi 0.02. Hapo ndipo kipimo kinaanza kusema. Ulifanya vizuri, mwanangu.

Sasa 9.74 imetoka wapi? Uliuvuta uzi kando kwa pembe ya nyuzi ngapi? Ile kanuni ya kidato inadai pembe iwe ndogo. Ukivuta nyuzi 10, muda unarefuka kwa asilimia 0.19, na g yako inashuka kwa 0.037. Toa hiyo kwenye 9.78. Umeona unapofika? Na hiyo asilimia 0.19 huipati kwa fizikia ya mwaka wa kwanza. Unaipata kwenye ile mekanika ya juu unayotaka ifutwe.

Hapa chuo cha wanyamapori Mweka, juu yetu tu, alisoma Erasto Mpemba. Kabla ya hapo, akiwa sekondari ya Magamba, mwaka 1963, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu wa moto kwenye friza, ukaganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa; alipofika sekondari ya Mkwawa, mwalimu wa huko alimcheka, akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akiwa hapohapo Mkwawa alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka chuo cha Dar es Salaam, yule akaenda kupima badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Watu huishia hapo wakishangilia. Mimi huongeza kwamba mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia kwa makini wakasema hawaioni, na kwamba kipimajoto kikikaa juu au chini kidogo tu kinaweza kukuonesha kitu kisichokuwepo. Ubishi haujaisha. Mwalimu aliyecheka alikuwa na vyeti, sidhani alikosa kozi.

MLETA MADA

Shikamoo mwalimu. Tulivuta kama nyuzi 15 mwanzoni, ili wa nyuma waone, na bembeo lilikuwa linapungua lenyewe. Nimekaa na hesabu yako jana usiku. Inakubali.

Basi nafuta nusu ya hoja. Mekanika ya juu ibaki. Lakini hata hiyo nilifundishwa: nakumbuka mfululizo wa pembe kubwa, ile hesabu ya kusahihisha muda wa bembeo, ulikuja kwenye mtihani na niliupata. Hakuna aliyeniambia unahusu ule uzi niliokuwa nimeupikia data mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo kwantamu nayo siiachii kirahisi: kama itafundishwa vilevile, bila hata taa ya sodiamu na kioo cha kuichambua, bado nasema ikatwe.

Dogo wa mwaka wa pili, la hesabu kuchelewa umenipiga, sikulifikiria. Mama wa Mbauda, sina jibu.

Jumamosi narudia na wanafunzi: uzi wa mita mbili, kuvuta nyuzi zisizozidi 5. Aliye karibu na Kibosho mwenye utepe wa fundi ujenzi uliosomeka vizuri aniazime. Rula nimeshaisingizia vya kutosha.