Miezi mitatu Barbados: mbuzi ya nazi niibebe?

Kutoka: Mama Rayyan, Leicester

Asalaam alaykum nyote, na poleni na baridi. Baba watoto kapata kazi ya miezi mitatu Bridgetown, kisiwa cha Barbados, kuanzia Januari, na tumekubaliana twende sote na watoto wawili. Kila ninayemuuliza hapa ananitajia hoteli na mchanga mweupe. Mimi nataka kujua mtu anaishije: nauli, soko, umeme, chakula cha watoto. Na mbuzi yangu ya kukunia nazi niibebe? Kuna mtu humu amewahi kukaa huko?

Kutoka: Mama Chausiku, Birmingham

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Mwanangu kaolewa huko. Nilikwenda kumtunza arobaini yake, nikajikuta nimekaa miezi mitano.

Naanza na pesa maana ndiyo iliyoniumbua. Dola moja ya Marekani ni mbili za kwao, na haijasogea hapo tangu 1975. Madukani zinapokewa zote, na zote wanaziita dola tu. Wiki ya kwanza nilipanda teksi, dereva akasema thelathini, nikamhesabia thelathini za Marekani. Akanishukuru kwa adabu zote, akaenda zake. Mkwe wangu alicheka mpaka akakaa chini. Teksi hazina mita. Mpatane kabla hujafunga mlango, na uulize ni dola za nani.

Baada ya siku hiyo sikupanda teksi tena ila usiku. Basi za buluu ni za serikali, za manjano ni za watu binafsi, halafu kuna vani nyeupe zenye mstari wa damu ya mzee, namba zake zinaanza na ZR. Hizo ndizo matatu zenyewe, mdogo wangu! Muziki unatikisa vioo, konda anaita watu, na ukidhani siti imejaa unaambiwa sogea kidogo. Mimi nilijisikia niko Mombasa njia ya Likoni. Nauli niliyolipa ilikuwa dola 3.50 za kwao popote uendako, ushuke kituo cha pili au ufike mwisho wa kisiwa. Weka sarafu kamili, basi ya buluu hairudishi chenji. Kibao cha kituo kinakwambia tu kama gari inaelekea mjini au inatoka mjini. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 34 hivi na upana 23, hupotei ukapotelea mbali. Ya pwani ya kusini ni namba 11, inapita Oistins, na hapo Ijumaa jioni watu hujaa kula samaki wa kuchoma na wa kukaanga.

Ukiingia kwenye gari au duka, toa salamu kwanza. Ukianza na "hii bei gani" wanakutazama kama mtoto asiye na mama. Mimi sikuhitaji kufundishwa, lakini watoto wetu waliokulia huku wanahitaji kuambiwa mapema.

Sasa chakula, hapa utafurahi. Chakula chao cha taifa kinaitwa cou-cou, nacho ni ugali uliosongwa pamoja na bamia, unaliwa na samaki wale wanaoruka juu ya maji. Wali wao wa kila siku wanaupika na mbaazi. Shelisheli wanachoma mzima kwenye moto, na ukwaju, mastafeli na embe ng'ong'o utavikuta sokoni Cheapside, nenda Jumamosi asubuhi. Dukani ndipo utakapolia. Vitu vingi vinakuja kwa meli, na boksi la nafaka za watoto lilinigharimu karibu mara mbili ya hapa Birmingham. Nunua vinavyoota kule. Jumamosi watakukaribisha kitu kinaitwa pudding and souse. Shukuru, usile: ni nguruwe. Kuku wa halali wapo na misikiti ipo Bridgetown. Waislamu wengi wa pale asili yao ni Gujarat, babu zao walianza kwa kutembeza vitambaa mlango kwa mlango, kama vile tuliowajua kwetu.

Umeme ni volti 115, plagi bapa za Kimarekani. Chaja za simu hazina neno. Birika la Uingereza liache, langu lilichukua muda wa kusali na kuleta uradi kabla halijachemka. Maji ya bomba yanachujwa na mawe ya chokaa chini ya ardhi, tulikunywa bila kuchemsha.

Halafu kitu kimoja kidogo kilichonigusa. Jua kule linachwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Saa yetu ya Kiswahili, iliyonifia huku miaka mingi, kule ikarudi kufanya kazi. Nilikuwa nikisema saa moja usiku, na kweli ni usiku.

Kutoka: Babu wa Reading

Nyongeza kwa Mama Rayyan. Mkitaka kumwita bibi kutoka Mombasa, Barbados yenyewe haimdai Mkenya viza ya matembezi. Anayekwama anakwamia njiani. Hakuna ndege ya moja kwa moja, na akipitia London kwa pasipoti ya Kenya anaweza kudaiwa viza ya kupitia hata asipotoka uwanjani. Akipitia Marekani ndiyo kabisa. Ulizeni kabla ya kulipa tiketi. Na asisahau kadi ya homa ya manjano.

Kutoka: Kijana wa Toronto

Shikamooni. Mimi nilikaa wiki sita. Ufukweni kuna mti unaitwa manchineel, matunda yake kama tufaha dogo la kijani, yana sumu. Mara nyingi wameupiga mstari wa rangi nyekundu kwenye shina. Mvua ikinyesha msijikinge chini yake, matone yanababua ngozi. Bathsheba, upande wa Atlantiki, nendeni mkatazame mawimbi, lakini watoto waoge kwenye vidimbwi vya miambani tu. Na nguo za mabaka-mabaka kama za jeshi ni marufuku kwa raia, hata kwa mtoto.

Kutoka: Mama Rayyan, Leicester

Subhanallah, kaptula mbili za Rayyan nimezitoa sandukuni sasa hivi. Asanteni sana wote. Lakini mbuzi hamkunijibu.

Kutoka: Mama Chausiku, Birmingham

Ibebe. Barabarani wanauza madafu zaidi, nazi kavu utaipata sokoni, lakini wao wanakuna kwa kikwaruzo cha bati na vidole vinaumia. Tenganisha ulimi na kigoda, ulimi uufunge kwa taulo uweke kwenye sanduku kubwa. Wangu niliuweka kwenye begi la mkononi, nikasimamishwa nusu saa nikimweleza askari wa uwanja kwamba ni chombo cha jikoni.