Naomba ushauri: simulizi ya mchezaji imeniteka, ninunue Europa Universalis IV?

Wakuu, habari zenu. Kuna mchezaji kaandika, mwaka baada ya mwaka, jinsi alivyoiongoza Kilwa kwenye Europa Universalis IV, gemu la kompyuta la kuongoza dola kwenye ramani, kuanzia Novemba 1444: kafunga ndoa za kifalme na nani, kakopa kiasi gani, Wareno walipotia nanga wakamkuta keshajenga merikebu. Nimesoma hadi saa nane usiku. Sasa roho inataka kununua.

Hofu yangu, yule bwana ni fundi wa kusimulia. Pengine utamu wote ni wa kalamu yake na gemu lenyewe ni ramani na majedwali tu. Yalishanikuta: nilinunua gemu jingine kwa visa vya kuchekesha nilivyosoma, nilipocheza mwenyewe watu wangu wakafa njaa bila kisa chochote!

Tena hili ni la 2013, lina nyongeza kibao za kulipia, na hakusema alikuwa nazo zipi. Steam, duka la magemu mtandaoni, hurudisha pesa ukiwa umecheza chini ya saa 2, ndani ya siku 14. Saa 2 hapo si nitakuwa bado natafuta vitufe?

Mlionunua kwa kusoma simulizi, mliangalia nini kwanza? Na bila nyongeza, Kilwa inachezeka?