Kumtoa mtoto kwenye chupa: kikombe cha wazi, cha mdomo au cha mrija?

Mama wa Tabata
Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi hii nitakwenda Kariakoo, nami nimedhamiria kurudi na kikombe cha mwanangu, kwa sababu ninataka aachane na chupa kabisa. Nimeona aina tatu. Cha kwanza ni kikombe kidogo cha kawaida kilicho wazi, ambacho bei yake ni shilingi 1,500. Cha pili kina mfuniko na mdomo mgumu, na ndani yake kuna kizuizi cha mpira kinachofanya maziwa yasimwagike hata kikianguka. Hicho ni shilingi 15,000. Cha tatu kina mrija laini, nacho ni shilingi 22,000. Moyo wangu unaelekea cha pili kwa ajili ya usafi wa nyumba, lakini naomba ushauri wa waliovitumia.

Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, umetueleza bei na mifuniko, lakini habari za mtoto mwenyewe hukutueleza. Ana miezi mingapi? Bado ananyonya ziwa? Ndani ya chupa unamwekea nini, na anaipata saa ngapi? Nani anashinda naye mchana? Mtoto wa miezi 6 anayeanza kujaribu kikombe na mtoto wa mwaka na nusu aliyezoea kulala na chupa mdomoni hawashauriwi jambo moja.

Baba Mapacha
Mimi nitasimama na mrija. Wanangu walijifunza kwa siku mbili tu: mke wangu alichovya mrija kwenye maziwa, akauziba juu kwa kidole, akauingiza mdomoni mwao na kuachia tone moja moja, mpaka wakaelewa kwamba wakivuta, maziwa yanapanda. Ndani ya daladala au kanisani haumwagi kitu.

Bi Tanga
Dada, nakusihi usikinunue hicho cha pili. Nami nilikinunua kwa sababu hiyo hiyo ya kuogopa maziwa kumwagika kwenye mkeka, na kwa miezi miwili nilijiona nimepata. Mwanangu alizunguka nacho nyumba nzima akinywa kidogo kidogo tangu asubuhi, nami jioni nilikiosha kwa sabuni na maji ya moto, nikiamini kwamba kimetakata. Kisha akaanza kuharisha. Alipona, yakarudi, na mara ya tatu alinyong'onyea hata uji akaukataa, tukalazwa siku mbili akiwa kwenye dripu. Tuliulizwa kuhusu maji ya kunywa, nasi tulikuwa tunachemsha. Tukaulizwa kuhusu mikono, nasi tulikuwa tunanawa. Mama yangu mzazi ndiye aliyekinusa kile kikombe tuliporudi nyumbani, akauliza harufu ya maziwa yaliyochacha inatoka wapi ilhali kikombe ni kitupu. Alikichokonoa kwa ncha ya kisu, kipande cha mpira kikachomoka, na nyuma yake tukaona ukungu mweusi na mabonge ya maziwa ya siku nyingi. Sikujua kabisa kwamba kipande kile hutolewa na kuoshwa peke yake. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomwuguza, lakini tangu tulipokitupa hakuharisha tena, na mpaka leo nikimwona mtoto amekishika kikombe cha namna hiyo, ninamwomba mama yake akifungue mbele yangu.

Mama wa Tabata
Poleni sana, Bi Tanga. Muuguzi, shikamoo, na samahani kwa kusahau. Mtoto ana miezi 14. Alizaliwa njiti, mimba ikiwa na wiki 34. Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha nilirudi kazini, na hapo ndipo chupa ilipoingia. Ziwa ananyonya jioni na usiku kidogo. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa anapata chupa nne kwa siku, ya mwisho akiwa amelala. Mchana anabaki na dada wa kazi.

Muuguzi Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Sasa tunaweza kuzungumza. Nimefanya kazi miaka mingi katika wodi ya watoto njiti, na pale akina mama hukamua maziwa na kuwanywesha watoto kwa kikombe kidogo kilicho wazi, wakikigusisha kwenye mdomo wa chini na kumwacha mtoto alambe mwenyewe. Huenda mwanao alikijua kikombe kabla hajaijua chupa. Kwa hiyo chaguo langu ni kile cha shilingi 1,500, tena kwa sababu kinaoshwa kila pembe. Kile chenye kizuizi humfanya mtoto aendelee kunyonya kwa nguvu kama anavyonyonya chupa, hata asijifunze kunywa. Mweke wima, tia vijiko viwili vya maziwa tu, umshikie. Anza na chupa ya mchana, ile ya usiku iwe ya mwisho, ingawa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa maziwa yanayobaki mdomoni mtoto akilala huozesha meno ya mbele ya juu. Na chupa nne ni nyingi ikiwa zinajaa. Mtoto aliyepita mwaka 1 akipewa maziwa ya ng'ombe karibu nusu lita kwa siku yanamtosha. Yakizidi sana hushiba maziwa, akakataa chakula, na damu ikapungua kwa kukosa madini ya chuma.

Mwalimu wa Likoni
Kwetu Mombasa mtoto wa kulikizwa alipakiwa shubiri, yakesha. Mama apake kwenye nyonyo ya chupa mara mbili tatu, mtoto ataikataa mwenyewe.

Bi Tanga
Mwalimu, hata kwetu tulilikizwa kwa shubiri, lakini sikubaliani nawe. Mtoto huyu bado ananyonya ziwa usiku. Akishaonja uchungu kwenye chupa, nani atamhakikishia kwamba ziwa nalo si chungu?

Mwalimu wa Likoni
Mtoto ana akili kuliko tunavyomdhania, Bi Tanga. Ziwa analijua kwa harufu ya mamake.

Muuguzi Mstaafu
Naomba tuiache shubiri. Hatujui ni kiasi gani kitaingia tumboni mwa mtoto, na shubiri huharisha. Kwa usiku, mama apunguze maziwa kidogo kidogo kila baada ya siku chache, na mtoto apewe kikombe kabla ya kupiga mswaki, si baada yake.

Baba Mapacha
Kwa heshima zote, Muuguzi, tusimsahau dada wa kazi. Kikombe cha wazi kinahitaji mtu wa kukaa na mtoto dakika 20. Dada mwenye ndoo ya nguo inayomsubiri atajaribu Jumatatu, Jumatano atairudisha chupa kimya kimya, na mama hatajua.

Mama wa Tabata
Hilo limenigusa, kwa sababu juzi nimekuta chupa imefichwa nyuma ya ndoo ya unga. Nimeanza kufikiria vyote viwili, cha wazi nikiwa nyumbani na cha mrija nikiwa kazini.

Bi Tanga
Kabla hajatoa shilingi 22,000, Baba Mapacha atueleze: ndani ya mrija mnasafisha kwa kitu gani?

Baba Mapacha
Kuna brashi nyembamba iliyokuja na vikombe vyetu, lakini sasa imechakaa. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, nani anajua duka linalouza brashi hiyo peke yake?