WhatsApp au dakika za kawaida, kwa mtu wa ziwani kipi kinalipa?

dagaa_mwaloni:
Wadau habari za jioni. Mimi ni mtu wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, mzigo ananitumia kaka kutoka visiwani huko Ukerewe na wateja wengine wako Lubumbashi, Congo. Kila mwezi najiunga bando la dakika, najiunga na la MB, na bado yote yanaisha kabla ya siku zake. Nataka nibaki na moja tu. Nibaki na lipi?

fundi_igogo:
Lubumbashi hata usijiulize mkuu, WhatsApp. Kupiga nje kwa vocha ni kuchoma hela. Na sauti haili bando kama watu wanavyodhani, dakika moja ni kama nusu MB mpaka MB moja hivi, kinachokumaliza ni video na stetasi za watu unazoangalia ukiwa umelala. Ingia setingi uzime picha na video za magrupu zisijipakue zenyewe, uone bando litakavyokaa.

Mama Kulwa:
Fundi hayo ni ya mjini. Mama yangu yuko Nansio, hukohuko Ukerewe, ana kitochi, hiyo WhatsApp namtafutia wapi? Na hata sisi wenye simu janja, meli ikifika katikati 4G inapotea inabaki ile E ya 2G, hapo mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa, halo halo, imekata.

msomi_nyegezi:
@Mama Kulwa sababu ni kwamba kwenye 2G simu ya kawaida inatengewa njia yake mpaka mmalize kuongea, ya intaneti sauti inakatwa vipande vipande na kila kipande kinapanga foleni na data za wengine, vikichelewa ndo pipa lenyewe hilo. Ila hata dakika za kawaida siku zake zinahesabika, kwenye VoLTE simu inapita 4G kama data tu, yani ni data iliyovaa kanzu. Na 5G imeshaingia nchini tangu 2022.

Babu wa Kirumba:
5G iwahi samaki gani? Masafa yake mengi ni ya juu, hayafiki mbali, na mji wenyewe huu kila kona jiwe. Ziwani tunataka masafa ya chini kama 700 au 800 MHz, mnara mmoja unamulika mbali. Mimi nimeanza na Skype enzi za kafe, unalipia nusu saa, hedifoni zina jasho la watu kumi, na yenyewe 2025 imefungwa. Kijana weka dakika kidogo, MB nyingi, na kaka atumie voisi noti, yenyewe inasubiri mtandao.

dagaa_mwaloni:
Narudi na mrejesho. Lubumbashi safi kabisa, tumeongea karibu saa nzima bila chenga. Kaka sasa. Katuma voisi noti saa tisa usiku yuko kwenye mtumbwi, "gunia kumi na nne, wahi gari", mimi imeniingia saa mbili asubuhi. Gari ishaondoka.

Mama Kulwa:
😂😂 Pole baba. Mnunulie kaka kitochi, na chaji inakaa siku nne.

dagaa_mwaloni:
Nimeshamnunulia dada. Anasema hakina tochi kali.